Siku moja maishani mwangu: mtu wa eksirei kwenye thieta ya mataya

Saa 11:15 alfajiri
Kimara, Dar es Salaam, bado giza lakini foleni ya basi la mwendokasi imeshajipanga. Napata pa kusimama, nashika bomba, na njia nzima hadi mjini nawaza jambo moja tu: si-amu imelala wapi? Hospitali ninayofanyia kazi ina moja tu nzima, na watu wa mifupa wanaihesabu kuwa yao. Kwa asiyeifahamu, ni mashine ya eksirei yenye mkono mkubwa uliopinda kama herufi C. Ncha moja ina bomba la mionzi, ncha ya pili ina kipokezi, mgonjwa analala katikati. Ukikanyaga pedali, mfupa unaonekana kwenye skrini papo hapo, hata kama kidonda bado kiko wazi.

Saa 1:00 asubuhi
Nimeiwahi. Naifuta kwa dawa, naiwasha, naisukuma hadi thieta, yaani chumba cha upasuaji, ya kinywa na mataya, nafunga breki.

Kisha naweka siti skani ya mgonjwa wa kwanza kwenye skrini ya ukutani. Ni kijana wa bodaboda, alirushwa, akatua kwa kidevu. Taya la chini limepinda kama upinde na limeshikwa pande zote mbili, kwa hiyo pigo la mahali pamoja mara nyingi huvunja pawili. Ukiona ufa kidevuni, usiridhike mpaka umetazama mbele ya masikio. Huyu ana ufa kidevuni upande wa kushoto, na kulia imekatika shingo ya kondaili, yaani kile kichwa cha taya kinachocheza mbele ya sikio. Weka kidole hapo kisha fungua mdomo, utakisikia kikitembea. Cha huyu kijana msuli umekivuta kikalalia ndani.

Saa 2:10
Mgonjwa ameshalala. Mpira wa hewa umepitishwa puani, maana wapasuaji wa taya wanahitaji meno yafumbe, na mpira ukipita mdomoni hayafumbi.

Kabla hajafunikwa napiga picha moja ya majaribio. Hii nailazimisha kila mara, hata daktari awe na haraka kiasi gani. Kitanda chetu kina vyuma pembeni, sehemu ya kichwa, na chuma kikikaa mbele ya kondaili unapata kivuli cheusi na hasira za watu. Leo kimekaa hapohapo. Tunamsogeza mgonjwa juu kidogo, kichwa kinatoka kwenye eneo la vyuma, mtaalamu wa usingizi ameng'ang'ania mpira wake.

"Dada, taratibu na hewa yangu!"

"Nimekuona, Dokta. Sentimita chache tu."

Kuna kipande cha kitanda cha nyuzi za kaboni ambacho mionzi hukipita bila kuacha kivuli cha maana. Nimekiomba kwa maandishi. Jibu ni lile la bajeti.

Sista anasoma orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ile iliyotoka 2008. Kabla kisu hakijagusa ngozi inauliza kama picha muhimu zimewekwa mahali pa kuonekana. Hapo najibu mimi, na najibu kwa sauti.

Saa 3:00
Kwa saa mbili hivi sina kazi kubwa. Wanazungushia meno nyaya, juu na chini, kisha wanayafunga pamoja yaumane kama yalivyokuwa kabla ya ajali. Kidevuni zinaingia pleti mbili ndogo za titani, yaani vibati vya kushikilia mfupa kwa skrubu, moja juu ya nyingine, kwa kuwa sehemu hiyo ya mfupa hujisokota mtu anapotafuna. Mpasuaji Champy na wenzake wa Strasbourg, Ufaransa, walilifafanua hilo miaka ya 1970 na mpaka leo wapasuaji wanapima kwa mistari yao ya mahali pa kuweka pleti. Mimi nakaa pembeni na aproni yangu ya risasi, yaani ile metali inayozuia mionzi, kilo kadhaa begani, na kola ya risasi shingoni.

Saa 5:20
Sasa wako nyuma ya taya, upande wa kulia. Wamepasua padogo kwa sababu mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita jirani. Ukiumia, kijana atacheka upande mmoja. Kupitia tundu hilo daktari anaona ubavu wa nje wa mfupa tu. Ameunganisha, ameweka pleti, skrubu mbili juu, mbili chini. Kwa nje ufa umefunga vizuri sana.

"Si imekaa hii?" anamuuliza msaidizi wake. "Meno nayo yako sawa."

Hapa ndipo sikubaliani na wanaosema kuumana kwa meno kunatosha. Meno yamefungwa kwa waya, yatakosaje kukutana? Hata ukiyafungua, misuli ya mtu aliye usingizini haivuti kama ya mtu aliye macho, na taya linakubali kukaa pale unapolisukuma. Kichwa cha kondaili kinaweza kuwa kimeinama ndani na meno yakakuficha mpaka mgonjwa aamke.

Daktari huyu hana ubishi, ndiyo maana napenda kufanya naye kazi. Anafungua nyaya zinazounganisha juu na chini, msaidizi anaushusha mdomo, kondaili inateleza mbele na kutoka kwenye kivuli cha mfupa wa fuvu. Navisha kichwa cha mashine mfuko safi, nainamisha mkono kama digrii 30, bomba chini ya kitanda, kipokezi karibu kabisa na uso.

"Mionzi!"

Wote wanarudi nyuma. Ukitoka umbali wa mita moja na pale mgonjwa anapopigwa mionzi ukasimama mita mbili, unachopokea kinashuka hadi kama robo. Hatua moja ina faida kuliko watu wanavyodhani. Nagusa pedali mara moja, naachia. Picha inabaki kwenye skrini bila mionzi kuendelea.

Kimya. Kingo za nje zimekutana kama tulivyoona kwa macho. Kwa ndani kuna uwazi, na kichwa kimelala kuelekea katikati.

"Dada, hebu niongezee mwanga." Naongeza. "Rudisha nyuma kidogo." Narudisha. Anasogelea skrini, mikono ameikunja kifuani isiguse kitu. "Kimeinama."

Anatoa skrubu mbili za juu, anakamata kichwa cha mfupa kwa koleo jembamba, anakisimamisha, pleti inarudi na skrubu zinapata matundu mapya. Napiga tena. Kimesimama. Yote hayo, kama dakika ishirini. Picha hiyohiyo ingepigwa kesho wodini, ingekuwa nzuri vilevile, lakini kurekebisha kungemaanisha kumlaza upya na kufungua kidonda upya jirani na mshipa uleule.

Kuna si-amu zinazomzunguka mgonjwa zaidi ya nusu duara na kutoa picha ya pande tatu. Hizo zingeonyesha hata ufa wa kidevu kwa upande wa ulimi, ambako mimi naona kwa shida. Yetu haina uwezo huo, kwa hiyo daktari anapapasa kwa kidole na kubana pembe za taya zisipanuke.

Saa 8:00 mchana
Mgonjwa wa pili, ufa mmoja kwenye pembe ya taya, haujahama sana. Daktari anaona mfupa wote anaouhitaji. Hajaomba picha, nami sijapendekeza. Mionzi si chumvi ya kunyunyiza kila mahali.

Saa 9:00
Koridoni mama yake yule kijana ananijua kwa aproni niliyobeba mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ametoka? Atakula?"

"Ametoka salama. Kuhusu kula, daktari anakuja kukueleza mwenyewe." Majibu ya picha si yangu kuyatoa. Namwonyesha tu pa kukaa, na chupa yake ya uji namwambia aitunze, nahisi itahitajika kabla ya wali.

Saa 10:30 jioni
Naandika kwenye rejista muda wa mionzi na kipimo, natuma picha kwenye faili, natundika aproni kwenye kitundikio chake. Ukiikunja risasi inapasuka ndani na huoni. Kibeji changu cha kupima mionzi, ambacho husomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, kinarudi mahali pake.

Watu wa mifupa wameshapiga simu mara mbili. Kesho si-amu ni yao mpaka saa 6, na kwenye orodha ya mataya kuna kondaili nyingine. Nimemwomba sista amsogeze mgonjwa huyo awe wa pili.