Kadi ya Kliniki Kabla ya Jezi

Nilipoanza kufundisha watoto mpira Mbagala mwaka 2015, kosa langu la kwanza lilikuwa kutamani kombe. Niliwachezesha vijeba wanne, yaani wachezaji waliozidi umri, tukabeba kombe la mtaa la vijana chini ya miaka 15, nami nikapongezwa sana. Baada ya miaka miwili hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akicheza popote, kwa sababu ubora wao wote ulikuwa kifua na mbio, na wadogo niliowaweka benchi walikuwa wamekwishaacha mpira.

Mwaka 2018 nilianza upya kwa sharti moja: kadi ya kliniki. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kutafutwa mtoto akiwa mkubwa, kwa umri atakaoutaja mzazi, lakini kadi yenye uzito wa mtoto mwezi kwa mwezi na tarehe za chanjo si rahisi kuighushi. Mama mmoja alinijia na hasira: "Mwalimu, timu zote zinapunguza miaka, mbona unamwonea mwanangu tu?" Nilimkaribisha kiti, nikamweleza kwamba tangu mwaka 2009 FIFA hukagua umri wa wachezaji kwa kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, hivyo mwanawe angepita kwangu na kukwama mbele. Hakuridhika. Alimhamishia timu nyingine, na wengine watano wakamfuata.

Jambo la pili lilikuwa kurudisha chandimu, ule mpira wa mitaani wa uwanja mdogo na wachezaji wachache. Tulikuwa na saa mbili tu za uwanja wa mchanga kila Jumamosi, na watoto 40. Kwa hiyo niliugawa uwanja vipande vinne kwa chupa za maji zilizojazwa mchanga, wakacheza watano kwa watano bila kipa, magoli yakiwa mawe mawili. Mtoto ambaye katika mechi ya watu 11 angesimama pembeni akisubiri pasi, hapa alilazimika kupokea, kugeuka na kupiga chenga muda wote.

Msimu ule tulifungwa karibu kila mechi, moja ikiwa 7–0, na wazee wa kijiweni wakawa wananiuliza kama mshambuliaji Mbwana Samatta aliombwa kadi ya kliniki kabla ya kufika klabu za TP Mazembe ya Kongo na Genk ya Ubelgiji. Ni hoja inayochekesha, lakini Samatta ni mmoja. Taifa Stars ilikaa miaka 39 kati ya AFCON ya Nigeria mwaka 1980 na ile ya Misri mwaka 2019, na siamini kwamba katika miaka yote hiyo mitaa yetu ilikosa vipaji.

Watatu kati ya watoto wale wamekwishachezea mkoa kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Aliye mdogo zaidi kati yao, niliyemwandika daftarini akiwa na miaka 10, atakuwa na 19 katika AFCON ya 2027 iliyopangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Nakala ya kadi yake ninayo bado.