Fimbo ya Baba na Viwanja Vitupu

Jedwali langu lilikuwa na safu kumi na nne. Mimi ni mhasibu, na mhasibu akiogopa jambo hulichorea jedwali. Umbali wa kazini, umbali wa shule, maji, umeme, usalama, kelele. Hata upepo niliupa safu yake. Tulikuwa tunanunua nyumba kwa mara ya kwanza, mimi na mume wangu, baada ya miaka tisa ya kuhama na magodoro kutoka nyumba ya kupanga hadi nyingine. Na kitongoji chenyewe kilikuwa kinakua hadi kinakuchanganya. Ukikaa miezi mitatu bila kupita, ukirudi unapotea, kwa sababu kichaka ulichokuwa unakatia kona kimeshageuka ghorofa.

Mitaa iliyobaki kwenye orodha ilikuwa mitatu. Nyumbani tuliibandika majina yetu wenyewe: Mwisho, Kituoni na Bondeni.

Mwisho ulijitoa haraka. Dalali alituapia kwamba kutoka pale hadi kazini kwa mume wangu ni dakika 25, na hakusema uongo, ila alitupeleka Jumapili saa nne asubuhi. Mume wangu hakubishana naye. Jumatatu aliamka saa kumi usiku, akaendesha gizani hadi Mwisho, akageuza gari mbele ya geti la nyumba ile kama mtu anayetoka kwake, kisha akaanza safari ya kazini. Ilimchukua mwendo wa saa moja na dakika 50. Jioni alirudi na habari za mwanafizikia mmoja wa Italia, Cesare Marchetti, aliyeandika mwaka 1994 kwamba watu, tangu enzi za miji ya kutembea kwa miguu, hutumia kwa wastani kama saa moja kwa siku kwenda na kurudi. Chombo kikiongezeka kasi, muda hauokoki. Tunahamia mbali zaidi tu. "Sasa mimi peke yangu," alisema huku akivua viatu, "nitakuwa nasafiri kwa niaba ya watu watatu na ushee."

Ikabaki Kituoni na Bondeni, na kusema kweli haukuwa ushindani. Kituoni nyumba zimebanana, barabara kuu iko mita mia mbili tu, na basi la kwanza huunguruma kabla ya jogoo. Bondeni ndiko moyo wangu ulikokwisha kuhamia. Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara ya lami iliyoteremka taratibu, ina baraza pana, na uani kuna mti mkubwa ambao kivuli chake kilifika hadi dirisha la jikoni. Kote kulikuwa kimya. Upande wa juu ulionekana mteremko mzima wa nyasi, kijani kitupu, mbuga ndogo ndani ya mji. Niliandika kwenye safu ya mandhari: 10 kwa 10. Jumla ya Bondeni ikawa 84, ya Kituoni 67. Tulipanga kulipa malipo ya awali Jumatatu.

Jumamosi yake nilimchukua baba akaione. Sikuwa nataka ushauri, nilitaka anisifie. Baba alistaafu baada ya miaka thelathini na kitu ya kujenga barabara, sehemu kubwa ya miaka hiyo akiwa chini ya barabara zenyewe, kwenye makaravati na mitaro. Anatembea na fimbo aliyoichonga alama kwa msumari wa moto, kila sentimita kumi alama moja. Tangu nikiwa mdogo nimemwona akiichovya fimbo hiyo kwenye kila dimbwi anakopita, na nilishazoea kumwonea aibu.

Dalali alimkaribisha kwa heshima zote. "Shikamoo mzee. Karibu uone, mzee, hapa dada amepata." Baba aliitikia, akaingia, akagonga ukuta mmoja kwa kifundo cha kidole, akatoka. Hakukaa ndani hata dakika tano. Mimi bado nilikuwa naeleza kuhusu makabati.

"Mwanangu, hilo jedwali lako unalo?"

Nilikuwa nalo kwenye mkoba, bila shaka. Akavaa miwani, akalisoma safu moja moja, akichukua muda wake, kisha akalikunja.

"Viwanja vitupu umeviweka safu gani?"

Sikumwelewa. Akaonyesha kwa fimbo ule mteremko wa nyasi, ile mandhari yangu ya 10 kwa 10. "Hiyo siyo mbuga. Viwanja vya watu hivyo. Angalia vigingi."

Tukapanda. Dalali alibaki kwenye kivuli akichezea simu. Nadhani alishakutana na wazee wa aina hii. Sisi tulitembea kutoka nyumba ile kuelekea juu, na kila baada ya hatua kadhaa baba aliyapekua majani kwa fimbo, na kweli, kigingi cha zege kilikuwepo, kifupi, kimefunikwa, na namba yake. Nikaanza kuhesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu. Tulipofika mgongo wa kilima, mahali ambapo maji yanaamua yaende upande upi, nilikuwa na viwanja 31.

Alikaa juu ya jiwe, akaniambia nitoe kalamu.

Hesabu aliyonifundisha pale sijaisahau, na ni rahisi hadi inaudhi. Milimita moja ya mvua ikidondoka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi. Ukubwa wa kiwanja tulikisia mita za mraba 600. Mtu akijenga, akaweka paa, akamwaga zege au kutandaza matofali uani, nusu ya kiwanja haimezi tena maji. Hiyo ni 300, mara viwanja 31, ni mita za mraba 9,300. Mvua ya kawaida tu ya milimita 40, ya alasiri moja, inakupa lita 372,000.

"Leo nyasi zinakunywa sehemu kubwa," alisema. "Zisichokunywa zinakichelewesha, kinashuka polepole. Wakishajenga hawa wote, maji yatashuka yote kwa pamoja, na yatakuwa na haraka. Sasa twende tukaone mlango wake."

Mlango ulikuwa bomba moja la zege lililopita chini ya barabara, hatua chache kutoka kwenye geti la nyumba yangu. Nilishasema "yangu" mara nyingi mno siku zile. Baba alichutama kwa shida, akaingiza fimbo. Kipenyo sentimita 60. Akaisukuma hadi chini, ikazama kwenye tope. Nusu ya bomba ilikuwa imeziba. Akaivuta, akaifuta kwenye nyasi, hakusema kitu. Mimi nilitazama lile bomba, nikatazama karatasi yenye lita 372,000, nikapandwa na hasira ambayo hadi leo siwezi kusema ilikuwa ya nani.

"Lakini baba, hivyo viwanja vinaweza kukaa hata miaka kumi havijajengwa."

"Vinaweza."

"Na huenda watajenga mtaro mkubwa."

"Huenda. Nani?"

Nilipomrudia dalali nikamuuliza kuhusu mtaro, alisema upo kwenye mipango. Nikauliza mipango ya nani, akacheka kidogo akasema, "Dada, sehemu inakua hii, kila kitu kitakuja." Hapo hasira ikapata mtu. Lakini sasa naona hakukosea sana: ndivyo sehemu inayokua inavyouzwa, nusu kwa kilichopo na nusu kwa kitakachokuja. Tatizo ni kwamba katika kila kitakachokuja anakuuzia lami na shule, na maji ya majirani hayataji.

Kabla ya kurudi, baba aliomba tupitie Kituoni. Nyumba ya kule hata sikutaka kumfungulia, lakini hakuijali. Alizunguka mtaa. Karibu kila kiwanja kilikuwa kimejengwa, mitaro imesimama kando ya barabara tangu zamani, na kwenye kuta za uzio unaona alama za vumbi zilizorushwa na matone, hazizidi kifundo cha mguu. Bibi mmoja alikuwa anafagia mbele ya geti lake. Baba alimwamkia, akamuuliza mvua kubwa ya mwisho ilifika wapi, na bibi yule alinyoosha ufagio kwenye ukingo wa mtaro bila kufikiri. Ndiyo faida ya mtaa uliokwisha kujaa: mabaya yake yameshatokea na kuna mtu wa kuyasimulia. Bondeni hapakuwa na wa kuulizwa. Wote walikuwa wageni, wenye rangi mpya ukutani.

Kiwanja kitupu kilikuwa kimoja tu mtaani, na kilikuwa mkabala na dirisha la jikoni la nyumba yetu. Baba alikielekeza fimbo. "Na hiki watajenga, tena kwenda juu. Kubali giza mapema." Sikulitia maanani neno hilo, nililiona la mzee aliyechoka.

Usiku tuligombana, mimi na mume wangu, ugomvi wa kunong'ona ili watoto wasisikie. Alikuwa ameshapenda lile baraza, na alisema siwezi kuacha nyumba kwa sababu ya mvua iliyonyesha kwenye karatasi. Nilimwambia na yeye aliacha Mwisho kwa sababu ya safari moja ya Jumatatu. "Mimi niliendesha," alijibu. "Wewe umekisia." Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na sina uhakika niliishinda, nadhani alichoka tu. Tulikaa siku mbili tukipeana chumvi bila kutazamana. Siku ya tatu nikachora upya jedwali, nikaongeza safu ya kumi na tano, nikaipa uzito mkubwa kuliko haki yake hadi Kituoni ikapita kwa alama mbili. Kihasibu huko ni kupika vitabu. Tulihamia Kituoni mwezi uliofuata.

Ghorofa nne zilisimama mbele ya dirisha la jikoni kabla hatujatimiza mwaka wa pili. Tangu hapo tunawasha taa saa sita mchana. Basi la kwanza nimelizoea, la pili ndilo huniamsha. Watoto walitembea kwenda shule kwa miguu, dakika kumi na mbili, na wageni wote waliolalamikia kelele niliwasimulia habari ya fimbo na viwanja 31. Niliisimulia vizuri, na kadiri miaka ilivyopita lile bomba lilizidi kuwa jembamba.

Mwaka wa sita tulialikwa upande ule, na baba alikuwa nami garini. Nikakata kona kuelekea Bondeni bila kumwambia. Mteremko ulikuwa paa tupu, hakuna hata kiwanja kimoja kilichobaki. Na nyumba ipo, safi kabisa. Kuta nyeupe hadi chini, mti umenenepa, barazani kuna viti viwili na mtu anasoma. Mahali palipokuwa na lile bomba pana mtaro wa zege, mpana, umenyooka kutoka mgongoni mwa kilima hadi mtoni.

Sikujua niseme nini. Nilifikiria miaka sita ya taa saa sita mchana.

Baba alishuka. Alitembea kando ya mtaro akiutazama kwa furaha ya fundi anayeona kazi ya fundi mwenzake, akasema umelazwa vizuri, mteremko wake sawa, viungo vimefungwa. Kisha akachutama, safari hii nikimshika kiwiko, akateremsha fimbo hadi sakafuni mwa mtaro. Ukutani mwa zege palikuwa na mstari wa tope kavu, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, karibu kabisa na ukingo. Akaweka kidole gumba kwenye fimbo usawa wa ule mstari, akaipandisha juu, akanionyesha: alama ya kumi na moja.

"Walichimba mita moja na robo," alisema. "Shika, nisaidie kuinuka."