Dola Ishirini kwa Wimbo wa Don Williams

Nilikuwa nimemtembelea shemeji yangu huko Birmingham, Alabama, na siku moja akataja kwamba Nashville, mji wa muziki wa kantri, haiko mbali, saa tatu na kitu kwa gari. Mtu aliyelelewa Molo, Kenya, kwa sauti ya Don Williams, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, haambiwi hivyo akabaki ameketi. Shemeji alikuwa na zamu, nikapanda basi. Lilichelewa, AC yake ilikuwa ya kugandisha samaki, na jamaa wa mbele alilaza kiti chake hadi magotini pangu. Ya njiani yaishie hapo.

Sikuwa natafuta kaburi. Don alizaliwa Floydada, Texas, mwaka 1939, akafariki Mobile, Alabama, tarehe 8 Septemba 2017. Lakini Nashville ndiko alikorekodi, na nilidhani nikishuka tu nitakutana na wenzangu, watu wa kuketi na kumkumbuka taratibu.

Nilikutana na Broadway, barabara ya baa za muziki. Baa imepanda juu ya baa, kila ghorofa na bendi yake, na mabango makubwa yana majina ya wasanii wa juzi. Wasichana waliotoka kumuaga bibi harusi mtarajiwa wamejaa barabarani na buti za waridi. Kiingilio ni bure, na hapo ndipo mtego ulipo: bia moja, ukijumlisha kodi na bakshishi, ni hela ya kulisha watu watatu nyama choma kwetu, na ugali juu.

Nikaingia baa moja. Mbele ya jukwaa palikuwa na ndoo ya plastiki. Ukitaka wimbo, unatia pesa. Nikatia dola tano, nikaomba "Lord, I Hope This Day Is Good". Kijana wa gitaa akaitazama ile noti, akanieleza kwa upole kwamba maombi huanzia ishirini. Nikaongeza, roho ikiniuma. Akainama sikioni akasema Don anamjua, anamheshimu sana, ila wimbo ule utawatoa watu nje. Nipokee "Tulsa Time"?

Nikapokea. Waliupiga mbio, ngoma zikigongwa kama za kufukuza nyani, buti za waridi zikaruka. Don mwenyewe aliimba ameketi kwenye stuli, kofia kichwani, bila kuinua sauti. Ndiyo maana walimwita Jitu Pole. Dola ishirini zangu zilinunua kelele.

Mzee mmoja wa Kentucky, aliyekuwa akiwasubiri wajukuu zake wamalize kucheza, alikuwa ameyasikia maombi yangu. Akataka kujua mtu wa Afrika amemjulia wapi Don Williams. Nikamwambia swali hilo ni la kwetu kumwuliza yeye, maana humu ndani mashabiki ni sisi wawili tu. Hakuniamini. Nikatoa simu, nikamwonyesha tamasha la Zimbabwe la mwaka 1997, Harare, umati unaimba mstari kwa mstari. Akaibana simu sikioni kwa sababu ya zogo, kisha akairudisha machoni, kisha sikioni tena. "Hawa wanayajua maneno yote," akasema, karibu kwa kulalamika.

Nikampa na ya kwetu. Septemba ile ya 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imefuta uchaguzi wa rais tarehe mosi. Wiki nzima kwenye matatu hukuongea na jirani kabla hujajua jina lake la pili, lile la kutaja kabila. Halafu habari za kifo cha Don zikafika, na dereva wetu, ambaye kila asubuhi alituchemsha na mijadala ya siasa, akahama stesheni akaweka "You're My Best Friend". Abiria waliokuwa hawasalimiani wakaimba kiitikio, kila mmoja akitazama dirisha lake. Mzee akauliza kama kura zilirudiwa salama. Nikamwambia hiyo ni bia nyingine, na bei alikuwa ameiona. Akacheka, akainunua yeye.

Kesho yake nikaenda kwenye jumba la kumbukumbu la muziki wa kantri. Karibu dola 30, yaani shilingi elfu nne kasoro kidogo, kuingia kutazama magitaa ya marehemu. Ila ule ukumbi wa duara, sisemi kitu: vibao vya shaba ukutani, vimepangwa kama noti za muziki, na Don yumo tangu mwaka 2010, pamoja na Jimmy Dean na Ferlin Husky. Niliusoma wote, nikarudia. Watu walipita nyuma yangu wakimtafuta Dolly Parton.

Hasira iliyonipanda pale haikuwa ya Marekani. Wanamuziki wetu Fadhili William na Daudi Kabaka walifariki mwaka mmoja, 2001. Joseph Kamaru, mwimbaji wa Kikuyu, akafuata 2018. Mgeni akishuka Nairobi leo aniulize ni ukuta gani nimpeleke akasome majina yao, nitampeleka wapi? Labda kwa mpiga gitaa wa mugithi, muziki wa baa wa Wakikuyu, Ijumaa usiku, ambaye atamchanganyia Kamaru na Don Williams kwa pumzi moja, na kwa noti ya mia mbili atauimba huo wimbo ulioombwa, polepole, hadi mwisho.