Ile saa ya spidi kwenye ndege haipimi spidi

Nilitua Malindi vibaya. Sio vibaya vya kuingia gazetini, ni vibaya vya instakta (mwalimu wangu wa urubani) kunyamaza mpaka tumeshatoka kwenye ranwei ndio anageuka anakuuliza taratibu, "We mwenzangu ulikuwa unawahi nini?"

Mimi mtu wa Tanga lakini urubani najifunzia Nairobi, pale Wilson (jina la Florence Kerr Wilson, yule mama aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929), na Wilson iko kama futi 5,500 juu ya bahari. Masaa yangu yote ya kuruka nimeyapigia huko huko juu. Sasa siku hiyo ndio mara ya kwanza naishusha Cessna 172 kwenye kiwanja cha pwani. Niko fainali (ule mstari wa mwisho wa kuelekea ranwei), flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) nje, mshale wa spidi uko 65, kila kitu kama kwenye daftari, ila nikitupa jicho chini naona minazi inapita polepole mno, kama vile tumepanda baiskeli. Mwili ukaniambia hii ndege inakaribia kukosa spidi na itadondoka. Nikaongeza moto wa injini. Mshale ukapanda mpaka karibu 80, tukafika juu ya lami, ndege ikagoma kushuka, ikaelea, ikaelea, ranwei inaliwa tu, mimi jasho, instakta kimya. Mwishowe ikakubali kukaa.

Kosa lilikuwa hili, niliamini macho nikaacha saa. Na kilichonifanya niamini macho ni kwamba sikuwa nimeelewa hiyo saa inapima nini hasa, pamoja na kwamba mtihani wa nadharia nilishafaulu, maana kukariri na kuelewa ni vitu viwili.

Ukija kwenye ndege kama ya kwetu utaona chini ya bawa la kushoto kuna kibomba kimeelekea mbele, tunakiita pito. Hewa inaingia humo kwa nguvu inabana. Ubavuni kuna tundu dogo linalosikia presha ya hewa iliyotulia tu. Saa ya spidi inachukua presha ya kwenye pito inatoa ile ya tundu la ubavuni, tofauti ndiyo inasukuma mshale. Yaani haina habari na ardhi kabisa. Inachopima ni hewa inakupiga kwa nguvu kiasi gani, na hiyo nguvu ni nusu, mara densiti ya hewa, mara spidi kipeo cha pili. Ukiitazama vizuri ni ile ile nusu em vii skwea ya sekondari, sehemu ya masi imekaa densiti. Mwalimu wangu wa fizikia angenisikia leo angecheka sana, mimi nilikuwa nakaa dawati la nyuma.

Haya, densiti. Usawa wa bahari kwenye nyuzi 15 hewa ina kama kilo 1.225 kwa kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo chumba cha kawaida cha kulala kina hewa ya kilo thelathini na kitu, hilo peke yake lilinichukua siku mbili kulikubali. Kadiri unavyopanda hewa inapungua, na joto nalo linaipanua. Kwa kanuni za anga la kawaida (hewa ya mfano ambayo marubani wanalinganishia) Wilson ilitakiwa iwe na nyuzi kama 4, sasa mchana wa jua pale unapata 26, umezidi nyuzi 22, na kila nyuzi moja inakuongezea takriban futi 120. Piga hesabu, unapata ndege inajiona iko kama futi 8,100 wakati matairi bado yako chini. Hewa hapo imebaki kama asilimia 78 ya ile ya kawaida ya pwani.

Sasa ili pito ipate ule ule mpigo wa noti 65 (noti hizi sio za benki, moja ni kilomita 1.85 kwa saa) kwenye hewa nyepesi hivyo, ndege inabidi iende kweli kweli kama noti 73. Malindi mchana ule nyuzi 30, joto nalo lilikuwa limeipunguza hewa kidogo, lakini 65 ya kwenye saa ilikuwa ni 67 ya kweli. Ukitoa unapata noti 6, kama kilomita 11 kwa saa. Hizo kilomita 11 ndizo macho yangu yalizozizoea kwa miezi kadhaa Wilson bila kuambiwa, nikafika pwani nikaona zimepungua nikadhani tunakufa.

Na bawa lenyewe ndivyo linavyoona dunia. Watu wa pwani hili tunalijua kabla ya shule. Tanga la ngalawa ni bawa lililosimamishwa wima, ukienda joshi (kuukabili upepo kwa mshazari) upepo unapita pande zote mbili za kitambaa, unapindishwa, na chombo kinavutwa kwenda mbele. Ukilivuta tanga ukalibana kupita kiasi, upepo unaachana na kitambaa upande wa nyuma na chombo kinakufa maji yakiwa yanapiga tu ubavu. Bawa ukilinyanyua pua kupita kiasi ni hivyo hivyo, hewa ya juu inaachia, hiyo ndio stoli. Halafu naomba tuachane na ile hadithi ya kwamba hewa ya juu ya bawa inakimbia ili ikutane na mwenzake wa chini kwa wakati mmoja, nimeikuta kwenye nots za watu wengi, sio kweli, hewa ya juu inafika nyuma ya bawa kabla ya ile ya chini. Bawa linaipinda hewa kuelekea chini, na hewa inalisukuma bawa juu, Newton sheria ya tatu.

Kwa hiyo kani ya kuinua ndege ni ule mpigo wa hewa, mara eneo la bawa (172 ni kama mita za mraba 16), mara namba moja inayotegemea umbo la bawa na limelala kwa pembe gani. Hiyo namba ya mwisho watu wanaidharau. Nairobi hiyo hiyo, kiwanja cha Embakasi, tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa iliyokuwa inaelekea Johannesburg iliinuka na spidi yake imefika, ila vile vibao vya mbele ya mabawa vilikuwa havijafunguka kwa sababu havikuwa vimepata hewa ya kuvisukuma. Spidi ipo, umbo la bawa halipo. Ikapanda kidogo tu ikarudi chini, watu 59 walikufa kati ya 157. Ilikuwa ajali ya kwanza ya Boeing 747 kuua watu. Kila nikishika leva ya flapu naikumbuka.

Wakati wa kuruka Wilson deni linakuwa kubwa zaidi ya wakati wa kutua. Spidi ya kweli imepanda kama asilimia 13, lakini nishati ni kipeo cha pili, kwa hiyo imepanda asilimia 28, hata injini ingekuwa na nguvu zile zile ungehitaji ranwei ndefu kwa kiasi hicho. Na haina nguvu zile zile, nayo inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi, propela nayo inakata hewa hiyo hiyo. Ndio maana siku moja instakta alimshusha mwanafunzi mwenzetu aliyetaka kukaa siti ya nyuma aangalie, jamaa akanuna wiki nzima. Ndio maana pia kabla hatujaruka tunavuta kile kitufe chekundu cha mikscha kidogo kupunguza petroli, hewa haitoshi kuichoma yote. Malindi unakisukuma chote ndani.

Asubuhi tulipoondoka Malindi nilishangaa, injini inanguruma kama nyingine, ndege imeruka kabla sijamaliza kujiandaa. Njia nzima instakta hakuligusa suala la jana.

Tukafika Wilson saa saba mchana, jua kali. Fainali, mshale 65, na safari hii nyasi za pembeni zinakimbia balaa, mkono wangu wa kulia ukataka kupunguza moto wenyewe. Nikaukatalia. Nikaiangalia saa.

Instakta akakohoa tu.