Nilivyochagua programu ya kunakili picha za harusi kutoka diski hadi diski

Kazi yangu ni kupiga picha na video katika shughuli za wanawake hapa Mombasa, hasa siku ya kupamba, ambapo bibi harusi huketishwa mbele ya wageni akiwa na dhahabu na nguo zake za fahari, na wanawake wote ukumbini wamevua mabuibui. Wenye shughuli hunikabidhi sura za mama zao na dada zao kwa sharti kwamba zisionwe na asiyehusika, nami naliheshimu sharti hilo kama amana. Ndiyo maana sikutaka kuziweka kwenye hifadhi za intaneti, hata zinazosifiwa kwa usalama. Nilihitaji programu nyepesi ya kunakili faili yenyewe, kutoka diski ya kazi hadi diski ninazozihifadhi mwenyewe, kwa kuwa diski moja huweza kuanguka, kuingia unyevu wetu wa pwani, au kukatikiwa na umeme katikati ya kuandika.

Nilianza na Robocopy, iliyomo ndani ya Windows. Ni ya haraka na ya kuaminika, lakini huendeshwa kwa amri za kuandika, na amri yake ya /MIR hufuta katika nakala kila kilichofutwa kwenye asili, bila kuuliza. Msaidizi wangu asingeweza kuikagua. Nikaitazama File History, nayo ya Windows, ambayo hutunza matoleo ya zamani ya faili, ila huongeza tarehe na saa kwenye jina la kila faili, jambo linalochosha mteja anapotaka picha yake upesi. Mimi nataka nakala ifunguke katika kompyuta yoyote, kwa jina lilelile, bila kuhitaji programu iliyoitengeneza.

Nilitulia kwa FreeFileSync, ambayo huendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux. Huonyesha folda mbili ubavu kwa ubavu na, kabla ya kugusa chochote, hueleza ni faili zipi zitanakiliwa na zipi zitafutwa. Kwangu hilo lina uzito kuliko kasi. Njia ya kusawazisha pande zote mbili niliikataa, maana diski ya akiba haina haki ya kubadilisha asili. Njia ya kuongeza tu, isiyofuta kamwe, ingeniachia folda maradufu kila ninapobadilisha jina la shughuli. Nikachagua ile inayoifanya nakala ifanane na asili, kwa agizo kwamba kinachofutwa au kubadilishwa kihamishiwe kwanza kwenye folda ya pembeni chenye muhuri wa tarehe. Hivyo picha ikifutwa leo kwa bahati mbaya, bado itapatikana huko.

Mpango huo niliuhifadhi kama kazi moja, kisha nikaiagiza Windows iiendeshe kila siku saa tatu usiku. Diski ya akiba nimeitaja kwa jina lake badala ya herufi (kama D: au E:), kwa kuwa herufi hubadilika ukichomeka vifaa vingine. Nimeiumbiza kwa NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili katika diski, kwani FAT32, mfumo wa zamani zaidi, haipokei faili inayofika GB 4, na video ya kupamba huvuka hapo bila shida.

Diski hiyo hubaki imeunganishwa, kwa hiyo kirusi kinachofunga faili ili kudai fidia kingeifikia pia. Kwa ajili hiyo nina diski ya pili, ambayo huichomeka mara kwa mara, huendesha kazi ileile, kisha huichomoa na kuipeleka kwa mama yangu Kisauni. Kwa kuwa hutoka nyumbani, nimeifunga kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, na bila nywila haisomeki. Kuiwekea kufuli hilo kulihitaji Windows Pro, si Home.

Limebaki jambo moja la kuangalia. Kwa kawaida programu hulinganisha faili kwa tarehe na ukubwa tu, na faili iliyoharibika ndani bila kubadilika ukubwa haitaonekana. Kuna njia ya kulinganisha yaliyomo, lakini kwa video huchukua saa nyingi, kwa hiyo ukaguzi huo nimeutengea mwezi wa Ramadhani, ambapo harusi husimama na kompyuta huweza kuachwa ikifanya kazi usiku kucha.