Jumuiya imehamia kwetu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Mama karudi kutoka hospitali wiki iliyopita, mguu bado una bandeji, nami nikajua uchovu utanimaliza. Wapi! Wanajumuiya, majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, wamegawana zamu bila hata kuniuliza. Huyu analeta uji asubuhi, yule anafua, vijana wanachota maji.

Aliyenishangaza ni mama mmoja ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu ule ugomvi wa michango ya Pasaka. Kaingia, kajifunga kanga kiunoni, kamwogesha mama yangu taratibu huku wakipiga soga za shambani. Habari ya ugomvi hakuigusa. Nami sikuigusa.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya ndogondogo kama hii yetu kipaumbele mwaka 1976, sidhani walikuwa wanawaza ndoo na sabuni. Au labda ndiyo hasa waliyowaza. Yohana katika waraka wake wa kwanza (3:18) anataka tupende kwa tendo na kweli, si kwa ulimi, na sisi wanakwaya ulimi tunao wa kutosha jamani!

Jumamosi hii sala ya jumuiya ni kwetu, saa kumi na mbili asubuhi. Anayeweza aje na kiti, vyetu havitoshi.