Nilivyosoma kadi ya kifurushi ya Mjerumani bila kujua Kijerumani

Mtu akikuambia uloweke kadi ya zamani ya posta kwenye maji ya vuguvugu ili ubandue stempu, mkimbie. Mimi niliambiwa hivyo na mzee mmoja hapa Dar anayejiita bingwa wa stempu. Akaongeza kwamba kadi yenyewe haifai kitu, eti imechanika upande wa kushoto. Haikuchanika, ilikatwa! Enzi za Mjerumani kila kifurushi kilisafiri na kadi yake; stempu zilibandikwa kwenye kadi, si kwenye mzigo, na kile kipande cha kushoto alibaki nacho mpokeaji.

Hii yangu aliiokota shemeji yangu kwenye gulio la mitumba huko Hamburg. Mpaka inanifikia imekula laki na ushee. Mke wangu anajua nusu tu.

Miaka yake niliijua chapuchapu. Stempu ni mbili, kubwa ya rupia na ndogo ya pesa (sarafu ndogo za rupia enzi hizo), zote zina picha ya yati, meli ya starehe ya Kaiza, mfalme wao. Stempu hizo zilianza kutoka 1901, na mwaka 1905 stempu zikaacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia, zikaingia heller 100. Basi ni humo katikati.

Shughuli ilikuwa mwandiko. Kijana wa steshenari akashauri tuiskani, programu ya simu itasoma yenyewe. Ilisoma kweli: ilitoa maneno ambayo hata Mjerumani angeomba maji ya kunywa. Ile ni hati yao ya zamani, vijiti vitupu vilivyolala upande, e yake ukiiona utaapa ni n.

Hapo ndipo nilipojipongeza mwenyewe. Niliigeuza kadi. Nyuma pana mhuri wa posta iliyopokea, herufi za kawaida kabisa: LEIPZIG. Nikasema, kama mzigo ulifika Leipzig, jina hilo lazima liko mbele kwa mkono. Nikatafuta neno la herufi saba lenye mikia mitatu inayoshuka, ya p, z na g. Lile pale! Nikainakili kila herufi kwenye daftari kwa penseli (kalamu ya wino usiisogeze karibu na karatasi ya zamani), nikawa na alfabeti ndogo ya kuanzia.

Pembeni palikuwa na neno fupi lenye e mbili na p katikati yake. Nililizunguka usiku kucha. Neapel, yaani Napoli! Meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni iliyoanzishwa 1890 kwa ruzuku ya serikali yao, zilipita Suez na kutia nanga Napoli. Mzigo ukishushwa hapo unapanda treni, hauzunguki Hispania mpaka Hamburg. Mtumaji alikuwa na haraka, au alikuwa nazo.

Mhuri wa Dar es Salaam umefifia, ila zima taa, laza tochi ya simu ubavuni mwa kadi, wino utajitokeza. Mwaka ni 1904, na kutoka mhuri mmoja hadi mwingine haujapita mwezi. Tuma leo kifurushi Leipzig kwa njia ya bahari, halafu uje tulinganishe.